Isome Kadi Kabla ya Kufungua Boneti

Leo nazungumza na mtu mmoja wa Ngara, wa Biharamulo, au aliye safarini hapo Nyakanazi: yule mwenye pesa ya gari mkononi au anayekaribia kuipata. Ameuza maharage, au ameuza kahawa. Au ni mwalimu aliyechukua mkopo utakaokatwa kwenye mshahara wake kwa miaka. Au ni kijana wa bodaboda aliyedunduliza mpaka akaona sasa anaweza kununua Probox. Kesho au keshokutwa dalali atampigia simu: "Bosi, kuna chuma hapa Benaco, njoo haraka, kuna mtu mwingine anaitaka." Nataka tuzungumze kabla simu hiyo haijaita.

Watu wetu wakienda kununua gari huenda na fundi. Ni jambo jema, na nitalirudia baadaye. Fundi anafungua boneti, anawasha, anasikiliza, anasema injini iko vizuri, na pesa inatoka. Lakini kwenye njia hii yetu, kutoka Lusahunga hadi Rusumo na Kabanga, gari linaloweza kukufilisi huenda injini yake ikawa nzima kabisa. Ugonjwa wake uko kwenye karatasi. Na fundi hasomi karatasi.

Tutazame mahali tunapoishi. Gari likishushwa bandarini Dar es Salaam na mteja wake yuko Kigali, Bujumbura, Goma au Bukavu, mara nyingi linapita kwetu. Linakuja kwa matairi yake mwenyewe, zaidi ya kilomita 1,300, likiendeshwa na wale vijana tunaowaita madereva wa IT. Mmewaona. Wengine mmepanda magari yao mkiwahi safari Kahama au Singida, ingawa magari hayo hayana ruhusa ya kubeba abiria. Gari la IT ni gari lililo safarini. Serikali ya Tanzania haijalitoza ushuru kwa sababu halikuja kukaa; limeruhusiwa kupita tu, na likifika mpakani linatakiwa litoke.

Sasa sikiliza hesabu, maana hapa ndipo ulipo mtego. Chukua gari lenye umri wa zaidi ya miaka kumi, lenye injini ya cc 1,500, ambalo Mamlaka ya Mapato, TRA, wamelithaminisha kwa shilingi milioni 6 mpaka kufika bandarini. Huo ni mfano wangu, bei halisi hutofautiana. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, sawa na milioni 1 na nusu. Jumla imefika milioni 7 na nusu. Juu ya hiyo kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, asilimia 5. Kuna na ushuru wa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15, la zaidi ya miaka 10 hutozwa asilimia 30. Ukishajumlisha vyote hivyo, unaweka VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote. Ukimaliza unakuta kodi peke yake inakaribia milioni 6, na hapo sijagusa tozo ndogondogo, usajili, wala gharama za wakala. Kwa maneno mengine, gari hilo likishalipiwa limeshakuwa gari la milioni 12.

Basi mtu akikuletea gari hilohilo, zuri, linang'aa, bado lina harufu ya meli, akakwambia milioni 7, ujue punguzo hilo hakulitoa mfukoni mwake. Limetoka kwenye kodi ambayo haijalipwa. Na kodi hiyo haikufa. Inalisubiri gari popote litakapokwenda, na siku ikikutana na gari, itakukuta wewe ndiye uliyeshika usukani.

Maneno ya kukuvuta ni yaleyale. "Mwenye mali Congo amekwama, hawezi kulimalizia." "Namba tutaiweka huko mbele, nina mtu wangu." "Kadi iko njiani." Msikilizaji, mwenye gari la IT akibadili nia na kutaka kuliuza nchini, njia ya halali inapitia forodha. Anaomba ruhusa, nyaraka zinabadilishwa, kodi inalipwa, gari linasajiliwa, ndipo linauzwa likiwa na namba ya T mbele na kadi mkononi. Wewe unanunua mwisho wa safari hiyo, hununui katikati. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu mali isiyolipiwa ushuru itaifishwe, na inamgusa hata yule aliyekutwa nayo akiwa anajua au alipaswa kujua. Shika hayo maneno, "alipaswa kujua". Ukisimama mbele ya ofisa ukasema hukujua, atakuuliza kwa nini ulidhani gari la milioni 12 linauzwa milioni 7.

Upande mwingine wa jambo hili una undugu ndani yake. Sisi wa Ngara tuna shemeji Muyinga, tuna wajomba Kirehe. Tunaoleana, tunazikana. Shemeji anakuja harusini na gari lenye namba za Burundi au za Rwanda, anaona barabara ya kurudi ni ndefu na shida zake ni nyingi, anasema nichukulie hili, nipe kidogo kidogo. Gari hilo limeingia kwa kibali cha muda. Kibali kina tarehe ya kwisha, na kwenye mfumo wa forodha pale Rusumo au Kabanga kuna kumbukumbu kwamba liliingia na halijatoka. Tangu vituo vya pamoja vya mpakani vianze kazi, na kile cha Rusumo kilizinduliwa Aprili 2016, maofisa wa pande mbili wanakaa chini ya paa moja. Usidhani wa upande huu hajui kilichoandikwa upande ule.

Tena la Rwanda lina jambo la ziada. Kule wanaendesha upande wa kulia, na usukani uko kushoto. Pale Rusumo kila gari hubadili upande likivuka. Gari la usukani wa kushoto likija kuishi kwetu, dereva wake akitaka kulipita lori kwenye barabara ya Lusahunga lazima alitoe gari karibu lote nje ndipo aone kama kuna kitu kinakuja. Na taa zake za mbele zimeelekezwa kumulika ukingo wa kulia, kwa hiyo kwetu usiku zinampiga usoni anayekuja. Wanaotembea usiku kati ya Nyakahura na Benaco wanajua malori yanavyofuatana pale. Gari la namna hiyo silitaki kwa familia yako hata kama shemeji analitoa bure.

Kuna na aina ya tatu ya gari, ambayo ni ya historia yetu. Tangu mwaka 1994, wakimbizi walipovuka Rusumo kwa mamia ya maelfu na Benaco ikageuka mji kwa siku chache, wilaya hizi zimeona magari ya mashirika na miradi kuliko wilaya nyingi za nchi hii. Mpaka leo ukisikia "gari la mradi" unajua linazungumzwa Land Cruiser au Hilux, limetunzwa kwa ratiba, lina kumbukumbu za sevisi. Mara nyingi ni kweli, na mimi mwenyewe ningelipenda gari la namna hiyo. Lakini magari mengi ya miradi na ya mashirika ya kimataifa yaliingia kwa msamaha wa kodi. Msamaha ulikuwa wa mradi, haukuwa wako. Siku linapouzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa, na namba ya DFP, ile ya magari ya miradi, au ya kidiplomasia, lazima iondoke. Kwa hiyo kabla hujainua mkono kwenye mnada uliza: kodi imeshalipwa au atalipa mnunuzi? Sikiliza jibu kwa makini, kisha liombe kwa maandishi. Gari la milioni 20 la mnadani linaweza kukudai milioni nyingi nyingine siku ya kulisajili.

Tuseme sasa umeyakwepa yote hayo. Gari ni la hapa hapa, lina namba ya Tanzania. Hapo watu hulegea. "Aa, hili ni namba D, jipya hili." Neno la namba D, namba C, na siku hizi namba E, limekuwa kipimo cha gari nchi nzima, na limewaumiza wengi. Herufi hizo zinakwambia gari lilisajiliwa lini Tanzania. Hazikwambii lilitengenezwa lini. Kenya wamepiga marufuku kuingiza gari la zaidi ya miaka minane. Sisi hatukuzuia, tumeweka ushuru wa uchakavu. Kwa hiyo gari la mwaka 2003 linaweza kuingia leo na kupewa namba mpya kabisa, na jirani yake la mwaka 2010 likawa na namba C kwa sababu liliwahi kuja. Lililozaliwa baadaye ni lile la namba C. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi. Usome hapo. Kama unataka kuhakikisha zaidi, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kule chini. Magari mengi ya Kijapani yana kitambaa kidogo kilichoshonwa na kuandikwa mwaka mkanda ulipotengenezwa. Mkanda wa 2004 hauwezi kukaa kwenye gari la 2009, labda liwe limegongwa na kubadilishiwa.

Na kadi yenyewe uisome polepole. Jina lililoandikwa ndilo jina la mtu aliyekaa mbele yako? Akisema ni la kaka yake, kaka yake aje, na kitambulisho chake cha NIDA. Akisema mwenye jina alifariki, pole kwa msiba, lakini gari la marehemu linauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua ya uteuzi uione. Bila hiyo, watoto wa mama mwingine watakuja kukutafuta wakati umeshaanza kulitumia. Kama kwenye kadi kuna jina la benki pembeni ya jina la mtu, gari hilo liko kwenye mkopo. Benki iandike kwamba haidai tena. Na ukionyeshwa kadi iliyotolewa mara ya pili baada ya ile ya kwanza kupotea, kaa macho. Kadi hupotea kweli. Lakini kadi nyingine haikupotea: imelala kwenye kabati la mtu anayekopesha pesa kwa riba, na mwenye gari amekwenda kutoa taarifa ya upotevu polisi ili apate nyingine ya kukuuzia.

Mtu akinunua ng'ombe mnadani hakubali kuondoka bila stakabadhi, maana anajua njiani atasimamishwa na kuulizwa ng'ombe huyu wa nani. Huyohuyo ananunua gari la thamani ya ng'ombe ishirini kwa mkataba wa karatasi ya daftari uliogongwa muhuri wa mtendaji.

Ukiwa na kadi mkononi, lifuate gari. Namba ya chesisi iliyo kwenye kadi uilinganishe kwa macho yako na iliyochongwa kwenye chuma. Kwenye magari mengi ya Toyota tunayotumia utaikuta kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, na tena kwenye kibati chenye jina la modeli. Herufi kwa herufi. Pitisha kidole: namba ya kiwandani imekaa sawasawa, mistari imenyooka, chuma kilichoizunguka ni laini. Ukihisi mikwaruzo ya msasa, kovu la kuchomelea, au rangi mpya mahali hapo peke yake, usibishane na mtu. Rudisha funguo, aga, nenda zako. Namba ya injini nayo ilingane, au kuwe na maandishi kwamba injini ilibadilishwa na TRA wanajua.

Halafu simu yako. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini za barabarani, uone linadaiwa nini. Kwa miaka mingi faini moja ilikuwa shilingi 30,000. Gari lililokuwa likibeba watu Mwanza na Kahama likakusanya faini ishirini zisizolipwa, kwa kiwango hicho ni laki sita, na ukishalinunua utakuwa wewe unayesimamishwa kila kizuizi. Angalia na deni la maegesho, hasa kama limetoka Mwanza au Dar es Salaam. Bima nayo inahakikiwa kwa simu kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Stika ya kwenye kioo isikuridhishe.

Hayo yote, msikilizaji, hayachukui nusu siku. Ukifika hapo salama, ndipo sasa umwite fundi.

Fundi awe wako. Asiwe aliyeletwa na dalali, asiwe wa gereji ya yule muuzaji, na umlipe kwa siku yake hata kama gari hutalichukua, ili asitegemee mauzo yakamilike ndipo ale. Na mwende asubuhi, gari likiwa limelala. Gusa boneti kabla halijawashwa. Ikiwa ya moto, mwenye gari ameshaliamsha ili kuficha kitu. Mwambie utarudi kesho, na usimwambie saa.

Boneti ikifunguliwa, injini ingali baridi, fungua mfuniko wa kuwekea oili. Chini yake ukikuta utando mweupe kama maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili, na hapo unazungumzia gasketi ya silinda hedi au zaidi. Fungua rejeta, ikiwa baridi tu, ikiwa ya moto itakuunguza. Ndani ukiona mafuta yanaelea, ni ugonjwa uleule kwa upande wa pili. Ukiona maji ya kutu, rangi ya udongo, ujue mwenyewe alikuwa anajaza maji ya kisima badala ya kulanti, na njia za maji ndani ya injini zimeshaanza kuziba. Vuta kijiti cha oili. Oili nyeusi si kosa. Oili nzito inayovutika, au iliyo chini kabisa ya alama, inakueleza tabia ya mwenye gari. Kama ni otomatiki vuta na kijiti cha gia, kwa yale yenye kijiti: mafuta yake yanatakiwa kuwa na wekundu. Yakiwa ya kahawia na yananuka kuungua, giaboksi imeshaanza kuomba kustaafu, na giaboksi ndiyo inayoweza kumla mtu faida ya mwaka mzima.

Sasa ingia ndani, zungusha funguo nusu, bila kuwasha. Tazama dashibodi. Taa zote ziwake: ya injini, ya oili, ya betri, ya mfuko wa hewa. Ukishawasha, zizime baada ya muda mfupi. Taa ya injini inayobaki imewaka kila mtu anaijua. Ambayo watu hawaijui ni ile isiyowaka kabisa ulipozungusha funguo. Hiyo imetolewa. Kuna mtu amefungua dashibodi akaua taa ili usiione, na mtu anayefanya hivyo hawezi kukuambia ukweli kuhusu kitu kingine chochote. Kilomita nazo hurudishwa nyuma vivyo hivyo. Gari linaloandika kilomita 70,000 huku raba ya pedali ya breki imekwisha mpaka chuma na usukani umesuguka kwa mikono, limeshatembea mara kadhaa ya hapo.

Moshi wa kuwashia mwache mtu nyuma auangalie. Wa bluu, injini inakula oili. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto, inakula maji. Mweusi, mafuta hayachomwi yakaisha. Wakati injini inapata moto, zunguka bodi na sumaku ndogo, hata ile ya kutoa kwenye spika mbovu. Inaponasa ni bati. Inapoteleza ni puti, na chini ya puti kuna historia.

Halafu twende barabarani, na hapa nina neno kwa wa Ngara hasa. Muuzaji atapenda mjaribu gari kwenye lami tambarare, dakika tano, redio ikiwa juu. Kataa. Gari lako litaishi milimani. Litapanda na magunia ya maharage na mikungu ya ndizi, litashuka miteremko ya kuelekea bonde la Ruvubu na watu ndani. Lijaribu kwenye maisha hayo. Zima redio, funga vioo, pandisha mlima kwa gia ya chini. Klachi inayoteleza utaijua: injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Otomatiki inayochelewa kushika gia ukiwa mlimani, kwenye tambarare isingekuonyesha kosa. Katikati ya mlima simama kwa breki ya mkono. Ikishuka nyuma, umeona. Wakati wa kuteremka breki zisivute upande na usukani usitetemeke. Kisha tafuta barabara ya makorongo ya vumbi, nenda taratibu, usikilize chini: kila bushi iliyokufa, kila boljointi iliyolegea, kila shokapu lililovuja litasema lenyewe. Barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo imepondwa na malori kwa miaka, na gari lililofanya kazi ya mchomoko, ya kubeba abiria, hapo limeichukua barabara hiyo kwenye miguu yake. Mwisho tazama geji ya joto baada ya mlima. Gari linalochemka Ngara, ambako hewa ni ya ubaridi, usilipeleke Kahama.

Na gari zuri ulitafute wapi? Mchumi wa Marekani, George Akerlof, mwaka 1970 aliandika makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyoanzia hapo. Alisema muuzaji anajua ubovu wa gari lake na mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi anatoa bei ya wastani kwa kila gari. Mwenye gari zuri anaona bei hiyo ni ya kumwonea, hapeleki sokoni. Mwenye bovu anaona ni neema, anakimbilia. Soko linabaki na mabovu. Mimi naliona jambo hilo hapa kwetu bila kwenda Marekani: gari zuri la mwalimu mstaafu wa Rulenge au la muuguzi wa Murgwanza halifiki kwa dalali. Linauzwa kwa mtu wa kanisani, kwa mpwa, kwa mfanyakazi mwenzake. Kwa hiyo kabla hujasimama kwenye yadi, zungumza na watu. Waambie unatafuta. Gari ambalo umeliona likipita mbele ya nyumba yako miaka mitano unalijua kuliko lolote lililooshwa jana.

Wanaoagiza moja kwa moja Japani kwa intaneti nawaambia machache. Karatasi ya mnada ya kule iombe, na uisome: herufi R kwenye daraja la gari kwa kawaida ina maana lilipata ajali likatengenezwa. Pesa iende kwenye akaunti ya kampuni kwa jina la kampuni, na isiende kwa mtu binafsi anayesema ni wakala. Matapeli hutengeneza kurasa zinazofanana na za makampuni yanayojulikana, kwa herufi moja tofauti. Na kabla ya kulipa chochote, ingiza gari hilo kwenye kikokotoo cha kodi cha TRA, maana bei ya Japani unayoiona ni nusu ya safari.

Ukinunua kwa ajili ya biashara ya abiria, bima ya gari binafsi haitakusaidia siku ya ajali ukiwa umebeba watu wa nauli. Uliza LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwanza kama gari la aina hiyo litapewa leseni kwenye njia unayoitaka. Wapo walionunua kwanza wakauliza baadaye, na gari likabaki kujificha asubuhi na jioni.

Pesa usiibebe kwenye mfuko. Wazee wetu wanakumbuka mabasi yalivyokuwa yakisindikizwa na polisi kwenye mapori ya Biharamulo na Kimisi kwa sababu ya watekaji. Lipa benki, muuzaji akiwa mbele yako, mkataba umeandikwa na wakili, namba ya chesisi imo ndani ya mkataba. Kisha wewe na yeye nendeni TRA mkiwa na namba zenu za mlipakodi na mbadilishe jina. Weka kwenye mkataba kwamba sehemu ya mwisho ya pesa anaipata siku jina limebadilika. Atakayekataa hilo amekupa taarifa.

Na wewe uliyeuza, nisikusahau. Wengi mmepokea pesa, mkakabidhi funguo na kadi, mkaondoka mkicheka. Gari lile uliloliuza mwaka juzi bado linazunguka kwa jina lako. Faini zake zinaandikwa kwako. Likikutwa na magendo kwenye pori la Kimisi, au likimgonga mtoto Nyakanazi usiku na dereva akakimbia, polisi wataanza na jina lililo kwenye mfumo, nao watakuja mlangoni kwako. Mtafute mnunuzi wako wiki hii, muongozane TRA. Kama hapatikani, chukua nakala ya mkataba uende ofisi ya TRA ya wilaya na polisi wa usalama barabarani, utoe taarifa ya maandishi, nakala igongwe muhuri, uitunze.